Kupitiwa si Kufikiwa: Maswali ya Mara kwa Mara Kuhusu Pengo la Maendeleo Kati ya Mikoa, Tukianzia Kigoma na Tabora

Haya ndiyo maswali ambayo madiwani, walimu wa uraia, wanafunzi wa vyuo na wafanyabiashara wa Kigoma na Tabora huyarudia zaidi. Majibu hayakulingana urefu, kwa kuwa maswali nayo hayalingani uzito.

## Tukisema "pengo la maendeleo kati ya mikoa" tunamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha kwamba watu wawili wenye elimu moja na bidii moja wanaishi maisha tofauti kwa sababu tu mmoja yuko Kinondoni, Dar es Salaam, na mwenzake yuko Kakonko, Kigoma. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye Sh. 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kitaifa, asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya mstari huo. Mijini ilikuwa asilimia 15.8, vijijini 31.3. Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 8 tu, Rukwa 45. Nchi ni moja, sarafu ni moja, na mtaala wa shule ni mmoja.

## Kigoma ndiyo mkoa maskini kuliko yote?

Inategemea umeshika karatasi gani. Ramani ya umaskini iliyochorwa kwa kutumia sensa ya 2012 iliiweka Kigoma mkiani, karibu nusu ya watu wake wakihesabiwa kuwa chini ya mstari. Miaka michache baadaye utafiti wa kaya ukaiweka Rukwa mahali hapo. Hiyo haina maana kwamba Kigoma ilipata neema ya ghafla.

Ramani ile ilichukua maswali ya sensa (paa la nyumba, choo, redio, elimu ya mkuu wa kaya) ikakadiria matumizi ya kila kaya. Utafiti wa kaya huuliza matumizi yenyewe, lakini kwa sampuli ya kaya chache katika kila mkoa, kwa hiyo takwimu ya mkoa mmoja hubeba nafasi ya makosa ya asilimia kadhaa juu na chini. Ukisikia mwanasiasa akijisifu kwamba mkoa wake "umepanda nafasi mbili", muulize nafasi ya makosa ni kiasi gani. Mara nyingi nafasi hizo mbili zimo humohumo.

## Nilinganishe mikoa vipi nisijidanganye?

Kwanza gawanya kwa watu. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Tabora ilitoka watu 2,291,623 hadi 3,391,679, yaani ongezeko la asilimia 48, wastani wa 3.9 kwa mwaka. Kigoma ilitoka 2,127,930 hadi 2,470,967, wastani wa asilimia 1.5. Kwa hiyo Tabora ikijenga madarasa mapya asilimia 48 juu ya yale ya zamani, ujue haijasogea hata hatua: imekimbia ili isimame palepale. Taarifa nyingi za "mafanikio ya miaka kumi" huanguka kwenye hesabu hii ndogo.

Kisha angalia eneo. Tabora ndiyo mkoa mkubwa kuliko yote nchini, zaidi ya kilomita za mraba 76,000, ambazo ni wastani wa watu 45 hivi kwa kilomita moja ya mraba. Nguzo ya umeme ikisimikwa Dar es Salaam inahudumia mtaa; ikisimikwa Sikonge inahudumia kaya tatu na mti wa mwembe. Gharama ya kumfikia mtu mmoja haiwezi kuwa sawa.

Mwisho, shuka chini ya mkoa. Wastani wa Kigoma unachanganya Manispaa ya Kigoma-Ujiji na vijiji vya mwambao kama Kalya, ambako boti bado ni njia kuu. Wastani wa Tabora unachanganya mji na mapori ya Ugalla. Wastani ni kama uji uliokorogwa: huoni tena palipokuwa na madonge.

## Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa nini haikuleta utajiri?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na linawachanganya hata wataalamu, kwa sababu mikoa mingi ya Tanzania haijaiona reli mpaka leo. Wajerumani walifikisha Reli ya Kati Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kama miundombinu peke yake ingetosha, Kigoma ingekuwa na zaidi ya karne moja ya kutajirika.

Tazama reli ilijengwa ibebe nini. Upande mmoja ilipakua mizigo ya kuvuka ziwa kwenda Kongo na Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walipewa eneo lao katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, ili bidhaa zao zipite bila usumbufu. Upande wa pili ilibeba watu. Serikali ya Waingereza iliihesabu Kigoma kuwa ghala la nguvu kazi: vijana wa Kiha walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizoandikiwa. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na kazi ikawa ya mpangilio zaidi.

Sasa linganisha na Kilimanjaro. Kule mkulima alipanda kahawa kwenye kihamba chake mwenyewe, na mwaka 1933 kikaundwa chama cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ililipa ada, ikajenga shule, ikaezeka bati. Kwa manamba, aliyelala shambani Tanga alikuwa baba wa familia ya Kasulu. Nguvu zake zilizalisha utajiri mahali pengine, naye akarudi na blanketi, baiskeli akijaliwa, na afya iliyochoka. Shamba la nyumbani lilibaki mikononi mwa wanawake na wazee. Pengo hilo ni la vizazi viwili kabla ya uhuru, na elimu ya mzazi ndicho kitu kinachorithiwa kwa urahisi kuliko ng'ombe.

Kipimo chetu basi ni hiki: njia ikifika, ni kitu gani kinashuka na kubaki? Reli ilipita Kigoma. Kupitiwa si kufikiwa.

## Na Tabora je? Si ilikuwa mji mkubwa?

Ilikuwa, tena kuliko miji mingi inayoizidi leo. Ilikuwa njia panda ya misafara, makutano ya reli (tawi la Mwanza lilikamilika 1928), na mji wa shule. Mwalimu Nyerere alifika Shule ya Tabora mwaka 1937. Mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, 1969 hadi 1974, uliitaja Tabora miongoni mwa miji tisa ya kukuzwa ili viwanda visirundikane Dar es Salaam. Kigoma haikuwamo.

Kilichokwamisha mpango ule si nia. Kiwanda cha umma kilichopelekwa bara kilitegemea vipuri, mafuta na mabehewa kutoka pwani, na uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1970 vyote vitatu viliadimika kwa wakati mmoja. Mabehewa yakichelewa wiki sita, kiwanda cha Dar kinapunguza faida, cha Tabora kinazima mashine.

Na kuna mfano wa zamani zaidi, Urambo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo. Walileta matrekta na mabuldoza kabla ya kupima udongo na mvua vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Ardhi iliyosafishwa Urambo ikaja kuwa ya tumbaku, na utegemezi wa Tabora kwa zao moja una mizizi hapo.

## Umbali unaongeza gharama kiasi gani, kwa hesabu ya duka?

Chukua saruji. Lori la tani 30 linabeba mifuko 600 ya kilo 50. Tuseme umelikodi kwa Sh. 4,500,000 kutoka Dar es Salaam: kila mfuko umeongezeka Sh. 7,500 kabla hujalipa kibarua wa kushusha. Lakini ujanja wote uko kwenye safari ya kurudi. Lori likipata mzigo wa kurudi nao (mahindi, maharage, dagaa, mbao halali), mwenye lori atakupunguzia. Likirudi tupu, umelipia kwenda na kurudi hata kama mkataba hausemi hivyo. Ndiyo maana bei ya saruji Kigoma hupanda na kushuka kwa kufuata msimu wa mavuno, jambo ambalo mgeni halielewi.

Njia rahisi ya kuliona pengo bila utafiti wowote: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji. Weka mstari wa Dar es Salaam kando ya mstari wa Kigoma, Kasulu na Kakonko. Tofauti hiyo kwa lita ndiyo inayoingia kwenye nauli, kwenye kusaga unga, na kwenye injini ya boti ya dagaa. Umeme wa TANESCO, kinyume chake, una bei moja nchi nzima. Huo ni ruzuku ya mijini kwa mikoani ambayo haisemwi sana.

(Umbali una vichekesho vyake pia. Kigoma jua huzama takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam, lakini saa ya ofisi ni ileile. Anayeitisha kikao cha mtandaoni saa 1:30 asubuhi akiwa pwani ajue wenzake wa ziwani wameamka gizani.)

## Kwa nini halmashauri nyingine zina fedha na yetu haina?

Kwa sababu mapato ya ndani hufuata biashara iliyopo tayari. Vyanzo vikubwa ni viwili. Ushuru wa mazao ni asilimia 3 ya bei ya shambani kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ushuru wa huduma ni sehemu ndogo, chini ya asilimia moja, ya mauzo ya kampuni. Halmashauri yenye mgodi mkubwa wa dhahabu, kama zile za Geita na Kahama, hupata sehemu hiyo kutoka kwenye mabilioni. Halmashauri ya Buhigwe itatoza sehemu hiyo ya nini? Ya duka la vifaa vya ujenzi.

Ruzuku ya serikali kuu ndiyo inayotakiwa kusawazisha. Fomula ya ruzuku ya maendeleo iliyoanza 2004/05 ilipima idadi ya watu kwa asilimia 70, idadi ya maskini 20 na eneo 10. Ya afya nayo iliweka 70 kwa watu, kisha 10 kwa umaskini, 10 kwa urefu wa njia za gari na 10 kwa vifo vya watoto chini ya miaka mitano. Kwenye karatasi ni haki tupu. Kasoro iko kwenye mishahara, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya fedha za elimu na afya. Mshahara humfuata mtumishi alipo, si mahali fomula inapotaka awepo. Mwalimu akihama kutoka kijiji cha Uvinza kwenda Arusha kumfuata mwenzi wake, amehama na ruzuku mfukoni. Halmashauri ya pembezoni inabaki na nafasi wazi, na nafasi wazi hailipwi.

Dawa inayofanya kazi kwa kiasi ni nyumba ya mtumishi. Wilaya inayojenga nyumba mbili kando ya zahanati, zenye maji na umeme wa jua, humshika muuguzi muda mrefu kuliko ile inayompa barua ya onyo.

## Nikisafirisha gunia zangu chache kwenda wilaya nyingine, nalipa ushuru?

Mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine haukatwi ushuru wa mazao. Gunia kumi za kilo 100 zimo. Ukilazimishwa kizuizini, dai stakabadhi ya mashine. Mara nyingi mjadala huishia hapo.

## Ni kweli Malaysia walichukua mbegu ya mawese Kigoma wakatajirika?

Hadithi hii inasimuliwa hata bungeni, na inauma kwa utamu wake. Historia iliyoandikwa ni nyingine. Michikichi ya Asia ya kusini mashariki inatokana hasa na miche minne iliyopandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, Indonesia, mwaka 1848. Shamba la kwanza la kibiashara Malaysia lilipandwa 1917 huko Selangor. Mwaka 1981 wakaongeza kitu kingine kutoka Afrika: mdudu mdogo wa kuchavusha maua, aliyetoka Kamerun, na kazi ya kuchavusha kwa mkono ikaisha.

Hata hivyo hadithi ikikosea mahali pa mbegu, haikosei maana. Mti ni wa Afrika, na walioupeleka mbele ni waliojenga taasisi ya utafiti, kitalu, barabara ya shamba na kiwanda ndani ya mwendo wa saa chache kutoka kwenye mkungu.

## Basi miche bora ya michikichi itaziba pengo la Kigoma?

Itasaidia, ikifuatwa na mambo mawili ambayo hayavutii kamera. Tangu kampeni ya 2018, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu ya tenera. Mchikichi wa asili tulio nao, dura, una kokwa nene na nyama nyembamba ya mafuta. Tenera ni mseto wa dura na pisifera, kokwa yake nyembamba na nyama nene.

Kosa la kwanza ni kuokota mbegu chini ya mtenera na kuziotesha. Ukifanya hivyo, hata kama mti ulichavushwa na mtenera mwenzake, kwa wastani robo ya miche itarudi kuwa dura na robo nyingine itakuwa pisifera, ambayo kwa kawaida haizai. Utagundua mwaka wa nne, ukiwa umekwisha kupalilia miaka mitatu. Nunua mche kutoka kitalu kinachojulikana, uliokaa miezi 10 hadi 12. Kwa nafasi ya mita 9 kwa 9 utaingiza miche 50 kwa ekari. Mwanzo wa mvua, Novemba, ndio wakati wa kupanda. Miaka mitatu ya mwanzo panda maharage au karanga katikati, ukiacha kisahani cha mita moja kuzunguka mche.

Kosa la pili liko kwenye ukamuaji. Wengi huacha mikungu siku nne au tano ili chikichi zichomoke kwa urahisi. Zinachomoka kweli, lakini asidi ya mafuta hupanda kila siku, na kiwanda kikubwa hukataa au hushusha bei. Mafuta mekundu ya kupikia nyumbani hayajali sana. Mafuta ya kuuzwa kiwandani yanajali. Chemsha chikichi ndani ya siku moja au mbili tangu kukata. Usitupe mise (kiini kilicho ndani ya kokwa): kamua au uza kokwa, kwa kuwa mafuta ya mise ya sabuni ni mapato ya pili ya mti uleule.

Hapa ndipo kipimo chetu kinarudi. Mkungu ukisafirishwa mbichi kwenda kukamuliwa mkoa mwingine, Kigoma imebaki na kazi ya kubeba. Ukikamuliwa Simbo au Mwandiga, kinachobaki ni mshahara wa fundi, mashudu ya kulishia mifugo, na ushuru.

## Tabora wana tumbaku na asali. Mbona fedha haibaki?

Tumbaku ina fedha nyingi kwa kilo, lakini inapitia vichujio. Mkulima hupewa makisio, yaani kiasi cha kilo atakazouza, kupitia AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika. Akivuna zaidi ya makisio, mnunuzi halazimiki kuchukua ziada kwa bei nzuri. Pembejeo huja kwa mkopo, kisha makato yanakatwa sokoni kabla hajashika senti. Mkulima ambaye hakuandika mifuko ya mbolea aliyopokea, na tarehe, hawezi kubishana na daftari la chama. Andika, na umwombe karani asaini. Juu ya hayo kuna kuni za mabani ya kukaushia: miombo iliyokatwa mwaka huu haimo kwenye hesabu ya gharama, ila mwaka ujao utazifuata mbali zaidi.

Asali ni kinyume. Haihitaji kukata mti, na Tabora ina misitu ya kutosha. Inapotea kwenye vipimo. Ndoo ya lita 20 ya asali ina takriban kilo 28, kwa sababu lita moja ya asali ni kilo 1.4 hivi. Anayenunua kwako kwa ndoo na kuuza mjini kwa kilo amepata kilo nane ambazo wewe hukuzihesabu. Uza kwa mizani. Pili, asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha ghalani. Vuna masega yaliyofunikwa nta tu, na kikundi kinunue kipima maji kimoja cha mkononi. Tatu, moshi: asali iliyorinwa kwa mwenge wa moto hubeba harufu ya moshi ambayo mnunuzi wa nje haivumilii. Tumia bomba la moshi, puliza kidogo kidogo.

## SGR na bomba la mafuta vitabadilisha hali?

Abiria wa SGR, reli mpya ya kisasa, walianza kusafiri Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, linapita mkoa wa Tabora, na mabomba yake yalipakwa ulinzi wa joto katika kiwanda cha Sojo, Nzega.

Ajira za ujenzi ni halisi, lakini zina mwisho. Swali la kumuuliza mbunge wako halihusu "lini treni itafika". Uliza: stesheni ya mizigo itakuwa wapi, itakuwa na ghala la baridi la samaki, na barabara ya kuunganisha vijiji na stesheni iko kwenye bajeti ya nani? Stesheni isiyo na barabara ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ni jukwaa la kutazamia treni.

## Umeme ulichelewa Kigoma kwa sababu gani?

Gridi ya taifa ilikomea mbali, na mkoa ukaendeshwa kwa majenereta ya dizeli iliyosafirishwa kutoka pwani. Wilaya za kaskazini zilianza kuunganishwa na gridi mwaka 2022. Mradi wa megawati 49.5 kwenye mto Malagarasi ndio wa kuangalia, kwa kuwa utazalisha humohumo mkoani. Mashine ya kukamua au jokofu la samaki haliwezi kupangiwa mpango wa biashara kwa umeme wa saa chache.

## Wakimbizi wameirudisha Kigoma nyuma?

Jibu la haraka la "ndiyo" halitoshi. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na wimbi jingine lilikuja kutoka Burundi mwaka 2015. Kuni na vyanzo vya maji viliumia, na hilo linaonekana kwa macho Kasulu na Kibondo. Lakini kambi zilileta pia ajira za mashirika, wanunuzi wa maharage na barabara zilizokarabatiwa. Hasara kubwa zaidi huja kambi inapofungwa, kama Mtendeli mwaka 2021: soko linaondoka wiki moja, na mkulima aliyepanda kwa kulitegemea anabaki na mavuno.

## Nchi nyingine zimewahi kuziba pengo kama hili?

Kwa sehemu. Italia ilianzisha mwaka 1950 mfuko maalumu wa kusini, Cassa per il Mezzogiorno. Barabara, mabwawa na umwagiliaji vilifanikiwa. Viwanda vikubwa vilivyopelekwa bila wasambazaji wa jirani vingi vilibaki visiwa. Yaleyale ya Tabora, kwa bajeti nene zaidi.

## Kijiji chetu kinataka zahanati. Tufanye nini, kwa utaratibu?

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini dirisha lenu halifunguki Julai. Mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na Bunge huketi Aprili hadi Juni. Kikao chenu kikifanyika Februari, mmeomba fedha za mwaka wa mbali.

Anzeni vitongojini, kisha halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu. Muhtasari uwe na tarehe, idadi ya waliohudhuria, orodha yenye saini, na kipaumbele kimoja cha kwanza. Kijiji kinachoomba zahanati, daraja, josho na soko kwa pamoja kimempa mchumi wa wilaya ruhusa ya kuchagua kisicho na gharama. Muhtasari hupanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wa halmashauri, kamati za kudumu, Baraza la Madiwani, kisha mkoa na TAMISEMI. Diwani abaki na nakala. Karatasi hupotea hasa kati ya kata na wilaya.

Yanayoharibika mara kwa mara tunayajua. Mwenye shamba alitoa ardhi kwa mdomo, akafariki, watoto wakaweka pingamizi: chukueni maandishi yenye mashahidi kabla ya tofali la kwanza. Wananchi walinyanyua boma hadi renta bila ramani ya mhandisi wa wilaya, milango ikawa haipitishi machela, na serikali ikakataa kulimalizia: chukueni ramani kwanza, ni bure. Chanzo cha maji kilipimwa Machi, mto ukiwa umejaa: pimeni Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya mvua. Na ombeni nyumba ya mtumishi ndani ya andiko lilelile, kwa sababu zahanati isiyo na mhudumu ni jengo la kuhifadhia popo.

## Mikopo ya asilimia 10 ipo kweli?

Ipo kisheria tangu 2018: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kigoma-Ujiji ni kati ya halmashauri kumi zilizochaguliwa kujaribu utaratibu wa benki. Angalia lakini jinsi pengo linavyojirudia humu: asilimia 10 ya halmashauri tajiri ni kubwa, ya maskini ni ndogo.

## Kufungwa kwa Ziwa Tanganyika mwaka 2024 kulimsaidia nani?

Uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi jirani za ziwa. Kwa migebuka na dagaa hoja ya kisayansi ina nguvu. Mzigo uliwaangukia kwanza wachuuzi wa Kibirizi na Katonga wasio na akiba. Kikundi chenye chanja za kuanikia dagaa, badala ya mchanga, hupata dagaa safi wanaodumu ghalani, na hao ndio wanaoweza kuvuka miezi mitatu.

## Nitapata wapi takwimu za halmashauri yangu?

Za watu na kaya, ofisi ya taifa ya takwimu. Za fedha, ubao wa matangazo wa halmashauri, ambako mapato na matumizi hutakiwa kubandikwa. Za kijiji, mkutano mkuu wa kila miezi mitatu, ambako taarifa husomwa kwa sauti. Nenda na kalamu. Ukiambiwa daftari liko kwa mtendaji na mtendaji yuko safarini, ombeni jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari, na kikao kijacho kianze na ajenda hiyo.